Mawe Yaliyobaki Safi

Mwalimu Kabeya,

Barua yako ya mwisho ilikuwa na swali moja: mawe yameanza kuteleza? Nilikujibu kwa kurasa nne. Nilikuambia kwamba mawe ni safi kabisa, kwamba ukiyatazama majini kwa ndoo yenye kitako cha kioo yanang'aa kama siku tulipoyazamisha, na kwamba ungekuwepo ungejivunia. Barua hiyo ilifika Mwene-Ditu, huko Kasai, majuma mawili baada ya wewe kuzikwa. Dada yako Bernadette aliirudisha kwa mkono wa fundi mmoja wa reli, ikiwa bado imefungwa. Juu ya bahasha alikuwa ameandika kwa Kifaransa, kwa herufi za shule, kwamba mwenyewe hayupo tena. Fundi alisema ni homa, siku tano. Mama yako yu hai.

Kwa hiyo hukulisoma jibu langu. Mwanzoni nilihuzunika kwa hilo. Sasa naona lilikuwa bahati yangu, na nitakueleza kwa nini, kwa utaratibu na bila kupiga kelele. Najua hujawahi kuniona nikifanya hivyo.

Nianze na siku ya kwanza, ingawa unaijua. Nimegundua kwamba kila ninapoisimulia kwa wengine najipendelea.

Ulikuwa umerudi kutoka pwani ya mashariki, ulikosoma na kufanya kazi ya kufufua matumbawe: kuokota vipande vilivyovunjika, kuvifunga kwenye viunzi chini ya maji, kungoja viote, na kuwafundisha watu wa pale namna ya kuvilinda. Fedha za masomo zilikatika, ukarudi kwa baba yako Likasi, mji usio na bahari upande wowote, ukaanza kusema kwamba kazi ile ile inaweza kufanyika kwenye ziwa la Mwadingusha. Mimi nikaandika karatasi. Kichwa chake kilikuwa "Likasi haina bahari". Niliibandika kwenye mlango wa parokia, nilikozoea kuzibandika zote, na humo nilisema kwamba nchi isiyoweza kumlipa mwalimu wa hesabu haina haja na daktari wa matumbawe, na kwamba wewe ni mfano wa msomi aliyepeleka akili ufukweni akaisahau huko. Watu walicheka juma zima. Nilifurahi sana.

Ulikuja nyumbani kwangu siku ya nne, mchana, nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Karatasi yangu ilikuwa mkononi mwako. Nilidhani umekuja kugombana, na nilikuwa tayari. Nilikuwa na mchi. Kumbe ulikuwa umeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Matusi uliyaacha yalivyo. Ulisahihisha mambo ya samaki tu: hapa nimesema samaki hukulia popote, si kweli, hapa nimesema ziwa hujitengeneza lenyewe, si kweli. Kisha ukasema:

"Mama Philo, weye unaandikaka muzuri. Lakini mu mambo ya samaki haujue kintu. Kuya kwa ziwa, utapata hasira ya kweli."

Nilikujibu kwamba mimi ni mwalimu wa historia, na samaki hana historia.

"Iko nayo, Mama. Histoire yake ni sisi."

Hilo ndilo lililonipeleka Mwadingusha. Kwa wengine nimekuwa nikisema nilikwenda kwa sababu ya dhamiri. Nilikwenda kwa sababu ulinishinda kwa sentensi moja na nilitaka kukurudishia.

Tulipanda juu ya magunia matupu kwenye lori la makaa, tukapita Buluo na ukuta mrefu wa gereza lake, na njia nzima ulinieleza jinsi ziwa lilivyoharibika. Mishahara ilikuwa imekoma. Watu waliozoea kuamshwa na king'ora cha kiwanda cha shaba walikuwa wamegeuka wavuvi kwa juma moja, na kwa kuwa hawakuwa na nyavu walivua kwa vyandarua vya mbu. Visiki na miti iliyozama zamani, ambamo samaki wadogo hujificha, ilikuwa imekatwa yote kwa ajili ya kuni. Ulisema samaki mdogo ni yule yule, awe baharini au hapa: anataka ukuta wa kumficha, kivuli, na chakula kinachoota kwenye ukuta huo. Ukimpa hivyo vitatu na ukamwacha kwa msimu mmoja, atafanya mengine mwenyewe.

Kapita Donatien, msimamizi wa wavuvi, alikusikiliza mpaka mwisho ulipoeleza habari za nyumba za mawe. Kisha akauliza, kwa sura ya mtu aliye msibani, kama samaki hao watalipa loyer, kodi ya nyumba, au watakaa bure kama watu wa serikali. Mama Musonda, aliyekuwa akigeuza samaki kwenye kichanja cha moshi, hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu, uoe kwanza. Samaki itangoja."

Ulicheka kuliko wote. Kisha ukavua viatu ukaingia majini kubeba mawe, na baada ya nusu saa Kapita naye akavua viatu, kwa sababu hakutaka watu waseme mtoto wa mjini anabeba kumzidi.

Ghuba moja ndogo ilifungwa, mtu asivue humo. Mawe, vipande vya mabomba ya udongo na matawi vilifungwa pamoja kwa kamba za magome, fungu baada ya fungu, na kuzamishwa. Ukachagua walinzi, Mama Musonda akiwa wa kwanza, naye alikubali baada ya kukataa mara tatu. Hukuwahubiria. Uliwapa ndoo iliyokatwa kitako na kuwekwa kioo, kiunzi cha mraba cha matete, na penseli. Walilala kifudifudi kwenye mtumbwi wakahesabu vifaranga vya samaki ndani ya kiunzi. Asiyejua kuandika alichora. Mlinzi mmoja, Papa Prosper, alipokuletea hesabu nzuri mno ulimrudisha majini. Ulisema: "Andika kile umeona, hapana kile unapenda." Alikasirika siku mbili, kisha akawa anawaambia wengine maneno hayo hayo kana kwamba ni yake.

Kazi yangu mimi ilikuwa daftari. Ulikuwa na karatasi zako za Kifaransa zilizojaa bahari, na mimi nilizigeuza kuwa Kiswahili ambacho Kapita angeweza kukisoma kwa sauti mbele ya watu. Nilikata. Ulijua nakata, ukasema unaniamini kwa sababu sibembelezi maneno. Nilikata kasa, nilikata mawimbi na kujaa na kupwa kwa maji, nilikata kila kilichoonekana kwangu kuwa kumbukumbu za mtu aliyepewa bahari kisha akanyang'anywa. Daftari likatoka jembamba. Nililisifu mwenyewe, hadharani, zaidi ya mara moja.

Msimu wa kwanza vifaranga vilikuwapo. Unakumbuka. Mama Musonda alichora mpaka karatasi ikajaa, akaendelea nyuma yake.

Kisha ukaja mwaka ambao majirani waliambiwa ni wageni. Wewe ulizaliwa hospitali ile ile niliyozaliwa mimi, ukabatizwa kwenye parokia ile ile, na Kasai ulikuwa hujaikanyaga. Ukaambiwa kwenu ni huko, kwa kuwa wazee wenu walitoka huko, na mkafukuzwa wote, mkangoje treni stesheni. Nilikuletea mkate stesheni mara tatu. Ulikuwa umemlaza mama yako kwenye godoro kati ya masanduku, watu wamejaa mpaka kwenye reli, na wewe ulikuwa ukinieleza habari za kamba: kwamba magome yataoza, kwamba yafungwe upya kila mwaka, kwamba tukipata nailoni ni bora. Niliitikia kwa kichwa. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nikitazama miguu ya mama yako.

Mimi niliyebandika karatasi dhidi ya padri, dhidi ya bei ya unga, dhidi yako, mwezi ule sikubandika kitu. Nilikuwa na sababu. Kila mtu alikuwa na sababu. Wewe hukuniuliza, na treni ilipokuja ulikuwa na mizigo ya kupandisha.

Ningependa ungeniuliza.

Basi, magome yalioza kama ulivyosema. Mafungu yakafunguka, mawe yakaanza kuzama matopeni. Nailoni ilikuwa imetoweka sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa walinzi sasa. Uliniachia kazi hiyo, na hakuna aliyepinga, au waliopinga walinyamaza kwa kunijua. Nilitafuta kitu cha kufungia, na kitu kilikuwa mbele ya macho yangu. Kiwanda kilikuwa kimesimama, na watu walikuwa wakichuna nyaya kama wanavyochuna mbuzi. Mtu mmoja wa njia ya Kamatanda alinipa mizigo miwili ya waya wa shaba, mwekundu, ulioondolewa ngozi yake, nami nikampa samaki wakavu. Waya huo hauozi. Haushiki kutu. Unakunjika kwa vidole.

Na ni shaba. Babu zangu waliitwa walaji wa shaba. Shule yetu, hospitali, barabara, misumari ya majeneza yetu, vyote vilitoka humo. Moshi wa kiwanda tuliuogopa, na maji ya kiwanda, na vumbi. Lakini waya safi, unaong'aa? Mtu wa mahali pengine labda angesita. Mtu wa Likasi alikuwa akirudi nyumbani.

Tulifunga upya mafungu yote, isipokuwa yale ya Mama Musonda. Alisema yeye ataendelea na magome, na yakioza atafunga tena. Nilidhani ni ukaidi, na kwa kuwa mimi pia ni mkaidi nilimwacha.

Baada ya miezi michache nilianza kufurahia mawe. Yalikuwa safi. Yale ya msimu wako yalikuwa yameota ule utelezi wa kijani, na wakati ule yalinichukiza kidogo, yalifanana na sufuria isiyooshwa. Yangu ungeweza kuyasoma kama ukurasa. Mama Musonda aliniambia, wakati wa kukusanya hesabu, kwamba konokono wameondoka upande wangu na kuhamia kwake. Nikasema konokono huhama. Akasema tena, mbele ya walinzi wote:

"Mawe yako iko safi sana, Mama Philo. Mu maji, kintu ya safi hivi iko na bugonjwa."

Nilimuuliza alisomea chuo gani cha konokono. Walicheka, maana mimi najua kuwachekesha watu dhidi ya mtu. Yeye pia alicheka, kidogo, akarudi kwenye mtumbwi wake. Naandika hili polepole. Katika maisha yangu nimewatukana wakubwa wengi na sijutii hata mmoja, lakini yeye hakuwa mkubwa, na alikuwa akisema kweli.

Vifaranga vilipungua. Nilikuwa na maelezo, na yote yalikuwa yamepangwa vizuri: mvua zimechelewa, wezi wanaingia na vyandarua, walinzi wanahesabu vibaya. Msimu wa pili wa waya ulikuwa mbaya zaidi. Watu walikuwa na njaa, Mwalimu, njaa ya kweli, ya kula mara moja kwa siku na siku nyingine kuiruka, na ghuba ile ilikuwa mbele yao, imefungwa kwa amri ya mtu ambaye hayupo. Walianza kusema hivyo. Kwanza kwa mzaha.

Ndipo ulipoandika kuuliza kama mawe yanateleza. Nilisoma swali lako nikadhani umechoka, au homa imeanza.

Habari za kifo chako nilizipeleka Mwadingusha mwenyewe. Wavuvi walikufanyia kilio bila maiti, siku tatu, wanawake wakilala kwa Kapita. Yeye akaamua kwamba siku ya arobaini matanga yataondolewa pale pale kando ya ziwa, kwa desturi yao: kabla ya kula, kila mwenye neno na marehemu hulitoa, jema au baya, na likishatoka halirudiwi tena. Uliwahi kuiona desturi hiyo Kapita alipofiwa na baba yake, ukaniambia inazidi semina zote ulizohudhuria. Kila mtu alijua neno gani litatolewa safari hii. Ghuba ilikuwa ifunguliwe. Na ikifunguliwa kwa sababu kwamba mafunzo yako yalikuwa ya uongo, hakuna mtu kwenye ziwa lile ambaye angefunga tena hata dimbwi, si katika maisha yangu.

Mimi niliombwa kusoma maisha yako. Jumapili, baada ya misa, nikatoa karatasi zako za Kifaransa nichukue tarehe za masomo. Nikapita kwenye ukurasa wa kufunga mawe. Chini kabisa, kwa mwandiko wako mdogo, uliandika: shaba isitumike kamwe. Wenye meli hupaka shaba chini ya maji ili kitu chochote kisiote. Pasipoota kitu, hapaliwi. Pasipoliwa, samaki mdogo hakai. Ndipo nilipoelewa kwa nini uliniuliza habari za utelezi.

Nilifungua daftari langu ukurasa huo huo. Limeandikwa: "Funga kwa kamba imara."

Nilikuwa nimekata meli. Nilikumbuka hata kiti nilichokalia siku ile, na jinsi nilivyopiga mstari. Nilifikiri: sisi hatuna meli.

Karatasi zako hakuna mwingine aliyewahi kuzisoma. Jiko la makaa lilikuwa linawaka, maharage juu yake. Nilikaa na ukurasa huo mkononi mpaka maharage yakaungua, na sitakudanganya kwamba nilikuwa nasali. Nilikuwa nikipima. Wewe umekufa, lawama haikuumizi. Umekwenda na treni, na watu wa treni wamekwisha kulaumiwa kwa kila kitu, kuanzia ukosefu wa kazi mpaka ukame. Kuongeza mawe machache kwenye mzigo huo hakungeonekana. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kusoma tarehe zako vizuri, na kuketi. Nilitishwa na wepesi wake. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu waoga, na katika vyote mwoga hutoka jasho. Mimi sikutoka jasho. Nilikwangua sufuria.

Siku ya arobaini walikuja wengi. Wali haukuwapo, lakini bukari, ugali wetu, ilitosha, na kila nyumba ilileta samaki. Kapita alisimama akauliza nani ana neno na Mwalimu Kabeya. Mzee mmoja alisema ulimsaidia kuandika barua kwa mwanawe. Mwingine alisema ulikuwa ukiimba vibaya, na watu wakaguna kwa kukubali. Kisha Papa Prosper akasimama. Hakuwa na chuki usoni; nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Ule muntu alitufungia ziwa, tukafunga na tumbo. Kiisha akapanda treni."

Mtu wa nyuma akasema bantu ya kule iko vile. Hakuna aliyemkemea. Kapita akasema, kama desturi inavyotaka, "Imetoka," akanigeukia nisome.

Sikusoma. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tano, unanijua, na ilikuwa na hoja na mifano ya historia. Iliniishia mkononi. Nilisema:

"Mwalimu alikataza shaba. Aliandika. Ni minye nilitoa ile neno mu daftari, na ni minye nilileta waya."

Nilitarajia kelele. Nimezizoea kelele, najua kusimama ndani yake. Badala yake, Papa Prosper akauliza kama nasema hivyo kwa sababu ulikuwa rafiki yangu. Swali la haki. Nilimpa katekista ukurasa wako, akausoma kwa Kifaransa kisha akaugeuza kwa Kiswahili, pole pole, pamoja na meli. Bado wengine walitikisa vichwa. Karatasi ni karatasi, na mtu anayeandika kila wakati anaweza kuandika na hiyo.

Mama Musonda ndiye aliyeinuka. Hakunitazama. Alichukua ndoo ya kioo akampa Papa Prosper, akamwambia maneno ni mengi na ghuba iko pale. Wakaenda kwa mtumbwi, yeye akipiga kasia, mwanamume yule mzima amelala kifudifudi na suti yake ya matanga, na sisi sote tumesimama ukingoni na chakula kinapoa. Alianza kwenye mafungu yangu. Alikaa kidogo. Kisha wakahamia kwenye mafungu ya magome, kwenye kona, na hapo alikaa muda mrefu sana, mpaka mkewe akaanza kulalamika juu ya suti.

Aliporudi alikuwa amelowa kifuani.

"Kwa Mama Musonda, batoto iko. Kwa Mama Philo, mawe tu."

Nikaomba kutoa neno la pili. Kapita alishangaa, maana desturi ni neno moja, lakini aliniruhusu. Nilisema kwamba mwaka wa treni nilikuletea mkate na nikakaa kimya. Kwamba mimi, mwenye maneno kwa kila mtu, sikuwa na neno kwa ajili yako, na sitaki mtu yeyote aseme watu wa kule wako vile mbele yangu tena, kwa sababu mimi ni wa hapa, na nilikuwa vile.  Wengi walitazama chini. Sidhani walikuwa wakiniwaza mimi niliyesimama mbele yao. Nadhani kila mmoja alikuwa amerudi stesheni.  Kisha Kapita akasema, "Imetoka," akaagiza chakula kiletwe.

Walikaa kikao baada ya kula. Ghuba itabaki imefungwa mpaka mvua zijazo ziishe, kisha wataamua kwa hesabu, si kwa maneno. Mama Musonda ndiye mkubwa wa walinzi. Mimi nimerudishwa kuwa mwanafunzi, na nimepewa kazi ya kutoa waya wote majini, kwa mikono yangu, kabla ya mvua. Hakuna aliyesema ni adhabu. Nilipokwenda kumwomba radhi Mama Musonda alikuwa akiosha sahani, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia.

"Chuo ya konokono imefunguliwa, Mama Philo. Kuya kujiandikisha."

Wakacheka wanawake wote. Nilistahili.

Nakuandikia kutoka Likasi, ambako narudi kila Jumamosi kufua na kuwatazama wanangu. Huku hakuna jipya. Umeme unakwenda na kurudi, shule inafunguliwa na kufungwa. Nyumba yenu ina watu wengine. Wamepaka mlango rangi ya buluu. Nilipita nikasalimia, nikawaambia nyumba hii ilikuwa ya nani. Walinipa kiti, hawakujua wafanye nini na habari hiyo. Nitapita tena. Nimebandika pia karatasi kwenye mlango wa parokia, fupi, isiyo na tusi hata moja, kuhusu stesheni na kuhusu mimi. Haikuchekesha mtu. Juzi kuna aliyeichana. Nimebandika nyingine.

Waya unatoka kwa shida. Umekuwa wa kijani na umejikaza kwenye mawe. Nimejikata vidole viwili. Kila fungu nikilifungua, Mama Musonda anasimama kando na magome yaliyolowekwa na kunionyesha namna ya kufunga, kisha analifungua fundo langu na kuniambia nirudie. Mfundishaji mzuri. Ulilijua hilo kabla yangu.

Sijui kama samaki watarudi upande wangu. Shaba iliyokwisha kuingia kwenye tope haitoki kwa maungamo. Labda tutahitaji kuhamisha mawe yote, labda ghuba hiyo imekwisha na tutaanza nyingine. Ungekuwepo ungejua. Nimeshika kalamu mara nyingi kukuuliza, na nimejikuta nikitafuta mtu wa kubeba barua hadi Mwene-Ditu, kabla ya kukumbuka kwamba...

Naendelea.

Ahadi yangu ni hii. Mvua zikiisha nitalala kwenye mtumbwi kama wengine na kuhesabu, na nikikuta sifuri nitasimama mbele ya Kapita na kusema sifuri. Daftari nitaliandika upya, na safari hii sitakata sentensi yako hata moja, hata ile nisiyoielewa. Hasa hiyo. Atakayelishika baada yangu ataikuta, na pembeni yake ataona jina langu na nilichokifanya, ili asiwe na sababu ya kurudia.

Bernadette nitamwandikia kesho. Anastahili kujua swali lako lilikuwa na maana gani.

Pumzika, Mwalimu. Yamebaki mafungu kumi na moja.

Philomène